Wakuu naomba ushauri: chenso ndogo, Stihl MS 170 used, Mchina mpya au ile ya betri?

Shamba Kwanza
Habari za jioni wakuu. Nataka kununua chenso ndogo, yaani msumeno wa cheni, ya kazi nyepesi nyepesi tu, sio ya kupasua mbao. Nimepata tatu. Stihl MS 170 used jamaa anataka laki nne na nusu, Mchina mpya kabisa imeandikwa 5800 dukani laki mbili na tisini, halafu kile kichenso cha betri cha kushika mkono mmoja, laki na arobaini. Nichukue ipi? Jumapili nataka kulipa.

fundi_bubu
Kazi nyepesi ni ipi mkuu? Kuna watu humu kazi nyepesi kwao ni kuangusha mlingoti (mkaratusi) wa miaka ishirini. Taja ni miti gani, unene gani, uko wapi, na kama karibu yako kuna fundi au mpaka upande gari.

Mzee wa Miwati
Stihl. Funga uzi.

Kiambu_Matawi
Huku kwetu tunaita pawa so, hiyo chenso nilidhani ni jina la mtu 😂. Chukua MS 170 boss, mimi nayo nakata grevillea za fensi na haijawahi nisumbua. Ni kama kilo nne tu, cc 30, unashinda nayo siku nzima mgongo haujui.

Juma wa Mafinga
Nyie na majina ya Kijerumani. Hao Stihl wenyewe wana kiwanda Qingdao, huko huko China. Mimi 5800 yangu huu mwaka wa tatu, spea zipo kila kona mpaka kwenye duka la spea za pikipiki. Kabureta ikifa unanunua nzima unaweka, husubiri kitu kutoka Dar.

fundi_bubu
Spea zipo kwa sababu zinahitajika Juma 😀. Halafu hizo zinaandikwa cc 58 lakini ukipima silinda nyingi hazifiki. Na ile ba (chuma bapa linalobeba cheni) ya inchi 20 kwa mtu wa kukata matawi ni ya nini, ni kama kukata nyanya kwa panga.

Mama Hass
Mleta mada bado hajajibu miti gani.

Shamba Kwanza
Samahani wakuu mtandao huku unasumbua. Nipo Lupembe, Njombe. Nina parachichi kama mia na ishirini zina miaka saba, zimeshonana nataka kupogoa. Pembeni kuna miwati ya kuni za nyumbani na milingoti michache ya upepo. Matawi mengi ni unene wa mkono, machache kama paja. Fundi aliye karibu ni wa bodaboda.

Mama Hass
Ungesema mapema. Matawi ya unene wa mkono kwenye parachichi huhitaji moto wote huo, nunua msumeno wa mkono wa kupogolea, ule uliopinda, na hela inayobaki ununue mbolea. Kichenso cha betri nacho nimetumia, kinafaa, ila kina uongo wake. Kinaandikwa 48V, ukifungua betri ndani kuna seli tano tu, na seli tano ni volti 18, ikijaa sana 21. Kwangu ilikuwa inakata miti kama kumi hivi betri inaisha. Na hakina pampu ya oil, unadondoshea mwenyewe kwenye cheni, ukisahau inapauka na kukatika. La muhimu kuliko yote, ukifungua mti jua likapiga gome lililokuwa kivulini linaungua, paka chokaa kwenye shina na matawi makubwa. Na kutoka mti mmoja kwenda mwingine futa msumeno na jiki, usitembeze magonjwa shamba zima.

Nyumba ya Bati
Mleta mada ngoja nikupe kisa changu. Mwaka juzi nilichukua Mchina mpya, sitaji duka wala chapa maana kosa nusu ni langu. Ndani ya boksi kulikuwa na kichupa cheupe kina mistari mistari, nikaona ni takataka za boksi, mwanangu akakichukua akawa anawekea juisi. Kumbe ndio kipimo cha kuchanganyia oil na petroli! Kijana wangu wa shamba akawa anachanganya kwa kizibo cha chupa ya maji, kizibo kimoja lita moja, na mimi nimesimama pale naangalia, naona sawa tu si rangi imebadilika. Wiki ya kwanza mashine inanguruma kama inadai mtu. Wiki ya pili ikipata moto inazima, ukiiacha nusu saa inawaka, ikigusa gogo inakufa tena. Fundi wa kwanza akasema kabureta, nikanunua. Siku mbili tukarudi kule kule. Wa pili akasema koili, nikanunua, na plagi juu. Hapo kamba ya kuwashia imelegea unaivuta kama unavuta kamba ya mbuzi, na hakuna aliyeshtuka kwamba mashine haina kompresheni, yaani pistoni haibani tena hewa. Wa tatu ni mzee mmoja, kabureta hakuigusa kabisa, kafungua boliti mbili za sailensa akamulika tochi ya simu kwenye tundu la moshi akaniita nichungulie. Pistoni ina michirizi kama imekwanguliwa na msumari. Akaniuliza mnachanganyaje, nikamwonyesha kizibo, mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kizibo hakifiki hata mililita 10 na kile kichupa kilisema lita moja inataka 40. Mafundi wawili wa mwanzo walikuwa wameshakula zaidi ya elfu themanini. Nikachoka, mpaka leo ipo stoo kuku anatagia juu yake.

Kwa hiyo hiyo used usitoe hela mpaka sailensa ifunguliwe uione pistoni. Ikiwa laini inang'aa, sawa. Ikiwa na michirizi mwachie mwenyewe.

Kiambu_Matawi
Kuku 😂😂😂

fundi_bubu
Nakazia ya Nyumba ya Bati. Nunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa za mifugo. MS 170 ukitumia oil nzuri ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, ni 50 kwa 1, yaani sirinji moja kwa lita. Mchina ukiambiwa 25 kwa 1 ni sirinji mbili. Na usilaze mafuta kwenye tenki miezi, kiwambo cha kabureta kinakakamaa, msimu ujao unakuja kulia humu. Mwaga, washa mpaka izime yenyewe, ndio uiweke.

Juma wa Mafinga
Mimi mashine zote naweka 40, moshi kidogo haujawahi kuua mtu.

fundi_bubu
Haujaua mtu, unaua sailensa. Ile nyavu ya kutokea moshi inaziba masizi, mashine inakosa nguvu, unaanza kumlaumu Mjerumani.

Mzee wa Miwati
Mnapoteza muda kwenye mafuta. Cheni butu ndio ugonjwa wa kwanza. Ukiona inatoa unga badala ya vipande, simama unoe. Miwati inamaliza makali haraka, hasa gogo likiburuzwa kwenye mchanga. Na mimi cheni naipaka oil chafu ya gari miaka yote, haina neno.

Mama Hass
Oil chafu hiyo hiyo inarukia kwenye parachichi za kupeleka nje? Wanunuzi wanakuuliza mpaka dawa uliyopiga mwezi gani, wewe unarashia oil ya fuso. Weka mafuta ya alizeti.

Mzee wa Miwati
Alizeti niweke kwenye cheni, familia ile nini?

fundi_bubu
Mama Hass yuko sahihi mzee. Oil chafu ina vumbi la chuma, inakula pampu na ba. Kuhusu kunoa, tupa sio moja kwa zote. Cheni ya MS 170 inataka tupa ya mviringo ya 4.0 mm, zile 5800 nyingi ni 4.8. Ukitumia kubwa kwenye ndogo unaharibu jino. Na mwambie fundi wako wa bodaboda kwamba skrubu za Stihl ni za nyota, T27, asije akalazimisha na bisibisi bapa.

Juma wa Mafinga
Halafu usipande ngazi na chenso. Jirani yangu ncha ya ba iligusa tawi la nyuma ikamrukia, breki ya cheni ndio ilimwokoa, alibaki na alama kwenye kofia.

Shamba Kwanza
Asanteni wakuu. Nimempigia mwenye MS 170 nikamwambia tufungue sailensa, kakasirika, anasema mashine yake sio mgonjwa, na kuna mtu mwingine kashamwahidi hela. Sasa sielewi, niongeze hela nitafute mpya, nichukue Mchina na sirinji, au nianze na msumeno wa Mama Hass. Tupa za 4.0 Makambako zinapatikana?

Mzee wa Miwati
Zipo. Aliyekataa kufunguliwa achana naye.

Kiambu_Matawi
Nyumba ya Bati, hiyo yako ya stoo unaiachilia na ngapi? Nina silinda hapa ya 5800.

Nyumba ya Bati
Subiri kuku aangue kwanza.