Mikopo ya nyumba Marekani 2008: nani alaumiwe?

Mwana Kinondoni: Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilipofilisika 15 Septemba 2008, mwenye kosa alikuwa nani hasa? Mimi namshika Greenspan, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu yao. Benki Kuu yao ilishusha riba hadi asilimia 1 mwaka 2003, pesa zikawa za kumwaga, kila mtu akakopa nyumba. Kufika katikati ya 2006 riba iko asilimia 5.25, watu wamenasa. Karibuni, ila matusi hapana.

Nguli77: Mkuu, Greenspan hakumshika mtu mkono asaini. Mtu anafagia ofisi usiku, anakopa jumba la vyumba vitano na bwawa la kuogelea. Riba ikipanda anapiga yowe kaibiwa. Tamaa tu.

Dada wa Minnesota: Nguli77, mfagiaji unayemsema ni mimi. Nimefagia ofisi, na nimeogesha vizee vya watu usiku kucha. Nyumba yetu ya 2005 ilikuwa na vyumba viwili, bwawa labda lile la kwenye sinki. Dalali wa mikopo alitufuata baada ya ibada, akajaza fomu mwenyewe. Namuuliza mbona mshahara wangu umenona hivi, ananijibu hapa ndivyo tunavyojaza. Miaka 2 ya kwanza riba ilikuwa ya chambo. Mwaka wa tatu marejesho yakaruka, tukapigiwa nyumba mnada.

Nguli77: Pole dada. Ila uliona mshahara umenona na bado ukasaini. Nyumbani hiyo tunaiitaje?

Dada wa Minnesota: Tunaiita ugeni. Siku upewe rundo la makaratasi ya kisheria kwa lugha ya watu, usaini huku dalali anaangalia saa, ndipo uje unihoji.

Chaurembo: 😂😂 Nguli kala za uso.

Mhasibu Mstaafu: Turudi kwenye mada. Huyo dalali, kadiri alivyokuuzia riba kubwa ndivyo kamisheni yake ilivyopanda. Aliyetoa mkopo naye hakukaa nao. Aliuuza Wall Street, ukafungwa pamoja na maelfu mengine, ikawa hatifungani, yaani karatasi za deni za kuuzia wawekezaji. Moody's na S&P, kampuni za kupima usalama wa madeni, wakagonga muhuri wa AAA, yaani salama kabisa, na aliyewalipa ni yuleyule anayeziuza. Mwalimu akilipwa na mwanafunzi anayemsahihishia mtihani, sifuri itatoka wapi? Ilifika mahali wanakopesha mtu asiye na kipato, asiye na kazi, asiye na mali, na mikopo hiyo wakaipa jina kabisa: NINJA. Kulipa au kutolipa kulikuwa mzigo wa mwingine.

Kisimani Boy: Mnazunguka mbuyu. Chanzo ni sheria ya Carter ya 1977 iliyosukuma mabenki yakopeshe maskini. Halafu Clinton akaifuta Glass-Steagall, sheria iliyotenganisha benki za kawaida na za uwekezaji, nadhani 1997.

Mhasibu Mstaafu: 1999, kijana. Na hiyo ya 1977 iliyahusu mabenki yanayopokea amana. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti 2011: katika mikopo ya riba kubwa, iliyogusana na sheria hiyo ni asilimia 6 tu. Sumu gani inakaa tumboni miaka 30 ndiyo iue?

Kisimani Boy: Tume ipi? Hata ndani yake Peter Wallison aliandika maoni tofauti, akalaumu sera za nyumba za serikali. Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zilizoanzishwa na serikali kununua mikopo ya nyumba, walikuwa wanameza hiyo mikopo, mpaka serikali ikawachukua Septemba 2008. Hilo umeliruka. Na wewe mhasibu wa wapi, wa chama cha ushirika kilichokula pamba za wakulima?

Mhasibu Mstaafu: Sikuwahi kufanya kazi ushirika hata siku moja! Nimefunga hesabu miaka 31 bila hati chafu. Wakati huo wewe ulikuwa unanyonya.

Chaurembo: Mzee kajibu ya pamba, ya Fannie Mae kaipisha kimyakimya.

Mjukuu wa Shinyanga: Ushirika msiuguse. Baba yangu alisomeshwa na pamba. Walioua ushirika ni wanasiasa.

Kisimani Boy: Wanasiasa walikuja na funguo za ghala?

Mjukuu wa Shinyanga: Kwani wewe kwenu mlilima nini, maneno?

Mama Vikoba: Mmeshahama Marekani. Mimi nauliza hivi: hawa wa kausha damu mtaani wanaochukua kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri, tofauti yao na dalali wa dada ni ipi? Na mwalimu naye tumwambie alisaini?

Nguli77: Ndiyo, alisaini.

Mama Vikoba: Mwanao akilazwa usiku saa nane ndipo utanijibu vizuri, mwanangu.

Dada wa Minnesota: Na hamjasema la AIG, kampuni ya bima iliyookolewa na serikali. Waliwekewa dola bilioni 85 kwa kuanzia, na mwaka uliofuata mabosi wakagawana bonasi. Mimi nilipewa siku 30 nitoe vyombo.

Nguli77: Hapo kwenye bonasi niko na wewe.

Dada wa Minnesota: Sijakuomba.

Mwana Kinondoni: Jamani, na Greenspan? Oktoba 2008 si alikiri mbele ya Bunge lao kwamba ameona kasoro kwenye fikra zake?

Mjukuu wa Shinyanga: Kisimani Boy, bado nasubiri kwenu mlilima nini.