Naombeni ushauri: kishikio cha taa ya strobo nilichotengeneza mwenyewe kinavuruga droni

Mjimwema Juu

Wakuu, heshima kwenu. Nina DJI Mini 2, napigia picha ngalawa zinaporudi jioni huku Kigamboni. Shida yangu ni ile saa 12 na nusu. Jua likishazama, giza la huku kwetu halibishi hodi. Dakika ishirini tu droni imekuwa nukta, mara haipo. Wiki mbili zilizopita niliipoteza machoni ikiwa juu ya maji, kama mita 200 kutoka nilipo. Nikabaki nakodolea ramani kwenye simu, mikono inatetemeka. Ilirudi, lakini usiku ule usingizi haukuja.

Nikaamua kuifungia taa ya strobo, ile inayowakawaka. Nimetumia LED nyeupe ya wati 3, saketi ya NE555 (chipu inayopanga mpigo wa kuwaka na kuzima) na betri ya lithiamu ya seli moja. Kishikio nimekikata kwenye bomba la PVC, nikakipasha juu ya jiko la mkaa mpaka kikalegea, nikakikunja kifuate mgongo wa droni. Ili niweze kukitoa na kukirudisha, nikachomoa sumaku nne ndogo kwenye spika za simu mbovu: mbili kwenye kishikio, mbili nikazibandika mgongoni kwa supaglu. Kinakaa utadhani kimezaliwa nayo.

Sasa kila nikiwasha, programu inalalamikia dira. Nimeisawazisha mara tatu. Inakubali, halafu inarudia. Jana niliirusha hivyo hivyo, nikataka isimame hewani, ikaanza kuzunguka, kila duara kubwa kuliko lililotangulia. Nikaishusha mchangani haraka. Halafu taa yenyewe inawaka vizuri dakika chache za mwanzo, baadaye inapoteza mpigo.

Je, ni uzito? Na rangi ipi inafaa, nyeupe, nyekundu au kijani?

Fundi Risasi

Mkuu, sumaku hizo zitoe leo. Ugonjwa wako uko hapo hapo. Droni inajua imeelekea wapi kwa kusoma usumaku wa dunia, ambao ni dhaifu mno. Sumaku ya spika ikikaa sentimita chache tu, dira inadanganywa. GPS inaiambia imesogea huku, dira inaiambia imeelekea kule, basi inajirekebisha kwa upande usio sahihi na kuzidi kupotea. Ndiyo yale maduara. Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua dira ya simu kisha sogeza sumaku moja taratibu, uangalie sindano inavyohama.

Kuzibandua usitumie asetoni, italainisha ganda. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, pitisha chini ya sumaku na ukate kama msumeno. Taratibu.

Kuhusu mpigo: NE555 ya kawaida inataka volti 4.5 kwenda juu. Seli moja ya lithiamu ikijaa ni 4.2, kisha inashuka. Mimi nashangaa hata hizo dakika chache umezipata. Tafuta 555 ya aina ya CMOS, TLC555 au LMC555, hizo zinafanya kazi hata kwa volti 2. Miguu yake imepangwa vile vile, huna haja ya kubadili bodi. LED usiiendeshe moja kwa moja kutoka kwenye 555, weka transista.

Mjimwema Juu

Asante sana fundi. Kuna mtu ameniambia nichukue umeme kwenye betri ya droni yenyewe ili nipunguze uzito. Unasemaje?

Fundi Risasi

Hapana, kaka. Ile betri ndiyo inayokurudisha nyumbani, usiichokoe. Piga hesabu: ukiiwasha LED kwa miliampu 700, lakini kwa sekunde 0.05 tu katika kila sekunde, wastani ni miliampu 35. Betri ya miliampu-saa 150 itakupa kama saa nne. Mini 2 yenyewe hairuki zaidi ya dakika 31 kwa chaji moja. Na waya mbili za LED zisuke pamoja kama msuko wa nywele, zisiache nafasi katikati, maana kila mpigo wa umeme nao unatengeneza usumaku wake.

Dada wa Ramani

Kishikio chako kina gramu ngapi? Hilo hujasema, na droni yako nzima haifiki 250.

Mjimwema Juu

Nimekipeleka kwa sonara wa hapa mtaani akanipimia: 41 pamoja na betri.

Dada wa Ramani

Hiyo ni karibu sehemu moja ya sita ya droni yote. Upepo wa kusi ukiikuta huko baharini na mzigo huo, kurudi ni kazi. Achana na PVC. Kata kipande kwenye kandambili ya sponji: ni chepesi, kinameza mtetemo, na kisu tu kinatosha. Kishikize kwa velkro. Kwanza futa ganda kwa spiriti, likauke, bandika, bonyeza, acha siku nzima kabla ya kuruka. Joto la Dar linalegeza gundi, kwa hiyo usiiache droni kwenye gari lililoanikwa juani.

Mahali: juu, nyuma kidogo, taa ichungulie ukingoni ili uione ukiwa ardhini na aliye juu naye aione. Tumboni usiweke, kuna kamera na vihisi vya kutua, na mwanga ukipiga kwenye unyevu wa bahari utaharibu picha zako. Usizibe matundu ya hewa wala mlango wa betri. Zungusha mapanga kwa mkono, uone kama kidole kinapita kati yake na taa.

Rangi ya kuonekana mbali ni nyeupe. Nyekundu kushoto na kijani kulia, kama kwenye pantoni za Magogoni, zinasaidia kujua imeelekea wapi, lakini hapo ni taa mbili zaidi na gramu zaidi. Ulaya tangu Julai 2022 wanataka kijani inayowakawaka usiku. Marekani wanataka taa ionekane maili 3, kama kilomita 4.8.

Rubani Mstaafu

Mdogo wangu, taa si kibali. Ulichopewa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi kinasema uruke mpaka saa ngapi? Kigamboni kuna eneo la jeshi la majini, na ndege ndogo za Zanzibar zinapita pwani hiyo. Nakuomba uulize kabla hujaruka gizani.

Mjimwema Juu

Mrejesho, wakuu. Sumaku zimetoka kwa mshipi, ganda halina hata mkwaruzo. Nimeweka TLC555, nyaya nimezisuka, kipande cha kandambili kimekaa kwenye velkro. Sonara amepima tena: gramu 17. Jana saa 11 jioni niliisimamisha hewani juu ya mchanga dakika tano, haikucheza, dira haikulalamika. Mwanangu alisimama karibu na mitumbwi, mbali kabisa, akawa anahesabu mipigo kwa sauti.

Mzee wangu Rubani, kibali changu hakitaji saa. Jumatatu naenda kuuliza. Mpaka nijibiwe nitakuwa nashusha kabla jua halijazama, taa ikiwa inawaka.