Naomba ushauri: kumvusha mama kutoka Likoni hadi Mji wa Kale

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa. Mwezi ujao naja nyumbani Likoni na watoto, na mamangu ameshatoa ombi lake: apelekwe Kibokoni alikolelewa, apite Ndia Kuu, kisha akae barazani na dadake mkubwa hadi alasiri. Magoti yamemchoka, hatua chache tu huomba kupumzika, kwa hivyo nitaazima kiti cha magurudumu.

Shida yangu ni feri. Kwa miguu hakuna nauli, lakini ule mteremko wa kushukia na msukumano wa watu wa asubuhi vinanitia hofu. Nimeambiwa nizunguke Dongo Kundu nitokee Miritini, ila foleni ya Changamwe naijua, na mama huchafukwa na moyo garini. Tena mwenyewe hataki kusikia; kwake kwenda mjini bila kuvuka maji si kwenda mjini.

Wanaovuka kila siku, saa ngapi feri hutulia kiasi cha kupitisha kiti? Na vichochoro vya Kibokoni, tuktuk hufika wapi?

Watoto nitawapeleka Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Hilo halina tabu. Jioni nataka sote tukale mihogo ya pilipili na ndimu pale Lighthouse. Nielekezeni sehemu ambayo gari husimama karibu na viti, mama asitembee sana. Amelitamani dafu la pale muda mrefu.