Tupeane uzoefu: DSLR ya kwanza kwa anayeanza kupiga picha

Mwenye uzi

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa DSLR, yaani kamera za kubadilisha lenzi zenye kioo ndani. Kila wiki lazima mtu aulize "nianze na kamera gani", na majibu huwa majina matupu: chukua Canon, chukua Nikon, maneno yameisha. Hapa naomba tuweke vitu ambavyo mtu anaweza kwenda navyo Kariakoo (Dar) au Luthuli Avenue (Nairobi) vikamsaidia kabla hajafungua pochi. Stori za "mimi nilianza na ile" tuziweke pembeni. Andika modeli, namba na sababu.

Naanza na hela. Wengi humaliza bajeti yote kwenye bodi, yaani kamera bila lenzi. Bodi pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55 isizidi theluthi mbili ya ulichonacho. Inayobaki ni ya lenzi ya pili yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), betri ya ziada, memori kadi mbili na begi lenye sponji. Ile 18-55 ina f/3.5 ukiwa kwenye 18, ukivuta mpaka 55 inabaki f/5.6, na ukumbini usiku hiyo f/5.6 ni giza. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hapo. Maana yake pale ambapo 18-55 inakulazimisha ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga, ikipanda picha inachafuka), hii inapiga kwa ISO 640, na picha inatoka safi bila chengachenga.

Mpiga wa Harusi

Naongezea hapo kwenye lenzi, maana ndipo watu wanapopigwa.

Nikon kwanza. Familia ya D3000 mpaka D3500 na ya D5000 mpaka D5600 hazina mota ya fokasi (inayosogeza lenzi ili picha iwe kali) ndani ya bodi. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D ukiifunga humo haifokasi yenyewe, utazungusha pete kwa mkono. Muuzaji atakwambia "hii 50mm f/1.8 ni Nikon orijino, bei chee" na hajadanganya, ila ni ya D. Wewe tafuta AF-S, yenye mota yake ndani: AF-S 50mm f/1.8G, au AF-S DX 35mm f/1.8G ambayo kwa chumba cha kawaida ni bora zaidi. Lenzi ya D utaijua kwa pete yenye namba za tundu mpaka 22. Ya G haina pete hiyo. Kwa bodi, toa lenzi uangalie pembeni ya mdomo inapofungwa. Bodi yenye mota, mfano D90, D7000, D7100 au D7200, ina ncha ndogo ya bisibisi inayochomoza. Hakuna ncha, hakuna mota.

Kuna mtego wa pili, AF-P. Hizi ni 18-55 za karibuni, nyepesi na kimya. Kwenye D3300, D5300 na kuja juu zinafanya kazi, baadhi zikihitaji programu ya kamera isasishwe. Kwenye D90, D3100, D3200 na D5100 hazifokasi kabisa, hata kwa mkono, kwa sababu pete yake inatumia umeme. Kwa hiyo usinunue bodi duka hili na lenzi duka lile bila kuzifunga pamoja kwanza.

Canon haina kichwa hiki cha kuuma, mota iko ndani ya kila lenzi ya EF. Angalia alama tu: mraba mweupe ni EF-S, doti nyekundu ni EF. Bodi za wanaoanza zinakubali zote mbili. 6D na 5D zinakubali doti nyekundu peke yake.

Na kumbuka sensa (kipande cha ndani kinachonasa picha) ikiwa ndogo inakaza picha, 1.6 kwa Canon, 1.5 kwa Nikon. 50mm kwenye 700D inaona kama 80mm. Kwa sura ya mtu ni tamu sana, kwa familia ya watu kumi sebuleni utajikuta unapigia mlangoni.

Studio Ndogo

Kuna bodi dukani zinafanana kama mapacha lakini nyingine zimekatwa vitu kimyakimya. Haya ndiyo ya kukagua.

Canon 4000D ya 2018 ina mdomo wa plastiki, haina gurudumu la kurekebisha jicho la kuchungulia, na hata swichi ya kuwasha imechanganywa na gurudumu la modi. Kama unavaa miwani utateseka. Kwa bei iyo hiyo 1300D ya mtumba ni kamera nzuri zaidi.

Kubwa zaidi ni flashi. Kwenye 2000D, 4000D na 250D, Canon waliondoa pini ya katikati pale juu panapochomekwa flashi. Zile flashi za bei nafuu ambazo wanafunzi wote wananunua, mfano Yongnuo YN560 au Godox TT600, zinategemea pini hiyo hiyo. Utachomeka, taa itawaka, utabonyeza, flashi haitajibu. Flashi nzima, kamera nzima, na muuzaji naye hajui kwa nini. Kabla ya kulipa inamisha kamera uangalie: lazima kuwe na nukta kubwa ya chuma katikati. 1300D, 700D na 200D wanayo.

Nikon nao wamekata. D3300 ina tundu la maiki na inajisafisha sensa kwa mtetemo. D3400 na D3500 zilizoifuata hazina kimojawapo. Namba kubwa, vitu vichache! Ila D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja kwa kipimo cha CIPA (chama cha watengenezaji kamera cha Japani), wakati 2000D inaishia 500. Kwa mtu wa safari za mbali na umeme hiyo si tofauti ya kudharau.

Chaguo langu kwa anayeanza: Canon 200D kama hela inafika, 700D kama haifiki. Kwa Nikon, D5300. Zote tatu zina skrini inayopinda, tundu la maiki na flashi zinafanya kazi.

Mgeni

Samahani wakuu, naona 700D ni megapikseli 18 na 2000D ni 24. Kwa nini mnasema 700D?

Studio Ndogo

Megapikseli 18 ni nukta 5184 kwa 3456. Ukichapa kwa nukta 300 kila inchi unapata sentimita 44 kwa 29, yaani karibu A3 nzima. Mteja wako atachapa 5x7 na kuweka nyingine WhatsApp, ambako zinabanwa tena. Hizo sita za ziada hutaziona popote. Pini ya flashi utaitafuta wiki ya kwanza.

Fundi wa Lenzi

Kwa wanaochukua mtumba, na wengi ndio sisi. Nenda na memori kadi yako, tochi ya simu na karatasi nyeupe. Muuzaji akikukatalia kupima, ondoka.

Anza na lenzi. Itoe kwenye bodi, fungua vifuniko vyote viwili, elekeza tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa kuiinamisha taratibu. Vumbi la punje mbili tatu si tatizo, kila lenzi inalo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizotawanyika mfano wa utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo kuelekea katikati. Hiyo ni fangasi. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja ni nyumbani kwake, kwa sababu hewa ina unyevu mwaka mzima. Ikiwa changa inasafishika kwa kufungua lenzi. Ikikaa inakula rangi ya kinga ya kioo na alama haitoki tena. Gharama ya kufungua 18-55 inaweza kuizidi lenzi yenyewe, kwa hiyo yenye fangasi iache hata akikupunguzia nusu. Ukungu mweupe ulioenea sawasawa juu ya kioo cha ndani nao ni wa kukataa, picha zitakuwa na kiwi ukielekea mwanga.

Halafu sensa. Weka modi ya Av kwa Canon au A kwa Nikon (unapanga tundu mwenyewe), f/22, ISO 100, fokasi ya mkono iliyovurugwa makusudi, piga karatasi nyeupe au anga. Kuza picha kwenye skrini upite pembe hadi pembe. Madoa meusi laini ni vumbi, linapulizika kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yakitua pale umejitafutia kazi nyingine. Mstari mkali au mkwaruzo usiohama ni sensa iliyoumia. Kisha funika lenzi, shata (pazia la mbele ya sensa) iwe wazi sekunde 10, ISO 800. Nukta mbili tatu za rangi ni kawaida, zikijaa mfano wa nyota jua sensa imechoka.

Shata. Bodi za kundi hili, mfano 700D na D3500, zimepimwa kwa mibonyezo 100,000. Si kwamba inakufa siku hiyo, nyingine zinaendelea, nyingine zinakata mapema. Kwa Nikon idadi inaandikwa ndani ya faili la picha, ipige JPEG moja uisome kwa programu yoyote inayoonyesha taarifa zote za picha. Canon ndogo hazihifadhi namba hiyo ndani ya picha. Inabidi kuunganisha kwa waya na kompyuta yenye programu maalumu. Usidanganywe na namba ya jina la faili, IMG_0412, ikifika 9999 inarudi 0001. Njia ya macho: pembe za bodi zilizong'aa, mpira wa kushikia uliolegea, herufi za vitufe zilizofutika. Hiyo imefanya kazi harusi nyingi, hata kama boksi ni jipya.

Mwisho piga kila shata kuanzia 1/4000 hadi 1/30, angalia kama kuna ukanda mweusi juu au chini ya picha. Inua flashi ya ndani. Chomeka kadi na kuitoa mara kadhaa. Fungua menyu ya lugha, maana baadhi ya mashine za soko la Japani hazina Kiingereza.

Majina yasikuchanganye: 700D, Rebel T5i na Kiss X7i ni kamera moja, ya soko letu, la Marekani na la Japani. 1300D ni Rebel T6 na ni Kiss X80.

Mtu wa Video

Kama lengo ni video, Canon 200D peke yake katika zilizotajwa, kwa sababu fokasi yake inafuata uso vizuri ukipigia kwenye skrini. 1300D, 2000D na D3500 zinahangaika kwenda mbele na nyuma, na mtazamaji anaona. 250D ina 4K lakini picha inakatwa pembeni na ile fokasi nzuri inazimika ukiwa kwenye 4K, kwa hiyo usiilipie kwa ajili hiyo. Nyingi zinajikata zikifika dakika 29 na sekunde 59. Hotuba ya mgeni rasmi inazidi hapo, kaa karibu na kitufe.

Mdau wa Kadi

Memori kadi feki ni nyingi sokoni. Imeandikwa 64GB, ndani ni 8. Ikijaa inaandika juu ya picha za mwanzo bila kutoa taarifa, na bwana harusi anapotea. Programu za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac zinajaza kadi yote na kuisoma upya, ndipo ukweli unatoka. Fanya kabla ya kazi. Kadi mbili za 32GB ni salama kuliko moja ya 64, na D90 haisomi za 64 kabisa.

Mpiga wa Harusi

Kwa atakayekuwa ameshanunua: kipimo cha mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu. Ukimweka mtu mwenye kanzu nyeupe ikajaa fremu, kamera inapunguza mwanga na sura inakuwa nyeusi tii. Ongeza fidia ya mwanga +0.7, washa alama ya kumetameta kwa sehemu zilizoungua kwa mwanga, na kama kanzu inametameta rudi +0.3. Afadhali umhamishe kivulini, chini ya mwembe au kibarazani, kuliko kupigana na jua la saa saba mchana. Piga RAW (faili ghafi la picha), hapo sura unaiinua baadaye bila kuharibika.

Mwenye shaka

Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu D6 ya 2020, wameshahamia zile zisizo na kioo (mirrorless). Kwa nini mtu aingie leo?

Studio Ndogo

Kwa sababu ya bei ya lenzi za mtumba, na kwa sababu haziozi. Lenzi za EF na EF-S zinaingia kwenye Canon EOS R, ambazo hazina kioo, kwa adapta na fokasi inabaki. Za Nikon AF-S zinaingia kwenye Nikon Z, nazo hazina kioo, kwa adapta ya FTZ. Za AF-D zinaingia pia ila fokasi ni ya mkono, kwa kuwa adapta nayo haina mota. Sababu nyingine ya kuzikwepa. Ila kama bajeti yako inafika kamera mpya isiyo na kioo pamoja na lenzi mbili, sibishani nawe, chukua hiyo.

Mgeni

Asanteni sana. Nimepata 700D ya Marekani, chaja yake ni ya miguu miwili bapa. Ninunue transfoma?

Fundi wa Lenzi

Geuza chaja usome maandishi ya chini. Ikiwa imeandikwa 100-240V, na za Canon LC-E8 zimeandikwa hivyo, haihitaji transfoma, tafuta adapta ya plagi tu. Ile unayochomeka ukutani yenye waya inaitwa LC-E8E, ni chaja ileile. Betri ni LP-E8. Ukinunua ya kampuni nyingine iwe ya ziada, orijino ibaki ndiyo ya kazi, na ikianza kuvimba mpaka inakwama kwenye kitundu chake acha kuitumia siku hiyo hiyo.