Kitone cheupe kwenye eksirei: ni jiwe la figo kweli?

Mkazi wa Nyegezi
Ndugu wajuzi, nawasalimu. Mwezi uliopita nilishikwa na maumivu ya kiuno upande wa kushoto, nikapigwa eksirei katika kituo kimoja hapa mjini, nikaonyeshwa kitone cheupe mfano wa punje ya mtama chini kwenye nyonga, nikaambiwa ni jiwe lililoshuka kutoka kwenye figo. Nimekunywa maji mpaka nimechoka, na kila nikikojoa nachuja kwa chujio la chai, lakini sioni kitu. Wiki hii picha ya pili imeonyesha kitone kilekile, mahali palepale. Je, yawezekana si jiwe?

Mpiga picha mstaafu
Yawezekana kabisa. Eksirei huonyesha kilicho kigumu, lakini haisemi kimelala ndani ya kiungo gani. Kitone kisichohama nyongani mara nyingi ni damu iliyoganda zamani ndani ya vena ikaingiwa na chokaa. Huwa cha mviringo, pengine na weusi kidogo katikati, na hakina madhara. Tezi za tumboni zilizoingiwa na chokaa baada ya kifua kikuu hudanganya vilevile. Siti skani isiyo na dawa ya mshipani ndiyo hukata shauri, kwa sababu huufuata mrija wa mkojo kipande kwa kipande, na jiwe likiwamo, mara nyingi ukuta wa mrija huonekana umevimba kulizunguka.

Binti wa Kwimba
Naongeza la kwetu. Aliyeoga utotoni katika malambo na majaruba ya mpunga aliseme hilo mapema. Kichocho cha mkojo huacha mayai katika ukuta wa kibofu na ncha za chini za mirija, na mayai yaliyokufa hugeuka chokaa. Kibofu cha shangazi yangu kilionekana kimezungushiwa mstari mweupe, mwembamba kama ganda la yai, akaambiwa ana jiwe kubwa! Mwenyewe hakuwa na maumivu, ila damu mwishoni mwa mkojo.

Mkazi wa Nyegezi
Shikamoo mzee wangu, na ahsante dada. Mimi nimekulia Ukerewe. Hicho si kichocho chetu cha ziwani?

Mpiga picha mstaafu
Marahaba. Cha ziwani ni cha tumbo, nacho hushika utumbo na ini. Hata hivyo pima mkojo. Nenda na picha zote mbili, zipangwe pamoja mbele ya daktari. Maumivu yakirudi na homa, au mkojo ukikatika, usingoje miadi.