Umeme ukikatika siku za mafuriko, mgonjwa wa dayalisisi anafanyaje?

mtoto_wa_kasese: Ndugu zangu naomba mnisaidie. Mama yangu figo zake hazifanyi kazi, anasafishwa damu kwa mashine, ndiyo hiyo dayalisisi, Jumanne na Ijumaa, tunatoka Kasese mpaka Mbarara na taksi. Hizi mvua zinanitia hofu, nakumbuka Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika hata hospitali ya Kilembe maji yaliingia yakaiharibu. Sasa wiki iliyopita tuko kwenye mashine, taa zikazima pwaa, nesi akaja mbio simu ameibana kwapani inamulika, akaanza kuzungusha mkono wa pampu mpaka damu ya mama ikarudi yote mwilini, mimi nimeshika ukuta tu. Je umeme ukipotea siku tatu na barabara imekatika?

nesi_wa_figo: Pole sana kaka. Nesi alifanya sawasawa. Mashine nyingi zina betri ndogo ya dakika 15 mpaka 20 hivi, ikiisha unazungusha kwa mkono damu isije ikagandia kwenye mipira inayoipitisha, lakini hiyo ni ya kumtoa mgonjwa salama, matibabu hayaendelei hapo. Halafu watu wanawaza jenereta wanasahau maji, saa 4 za dayalisisi zinakula lita kama 120 za maji yaliyochujwa, pampu ya maji ikifa jenereta haisaidii kitu. Ulizia vyote viwili.

Mimi nasema msisubiri. Ukisikia mvua kubwa inakuja piga simu uombe asafishwe kabla ya siku yake. New York mwaka 2012, kabla kimbunga Sandy hakijafika, wagonjwa wengi walisafishwa mapema, na hao waliolazwa au kufariki baadaye walikuwa wachache kuliko wale waliobaki na ratiba yao ya kawaida.

mukwano256: Banange nakuelewa kabisa, sisi tulikwama na shemeji siku nne huku Bududa, udongo umefunika barabara. Kilichotusaidia ni chakula. Matoke, maharage, viazi, parachichi, nyanya, vyote tuliweka pembeni sababu ya potasiamu, madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa mwilini, akala posho, yaani ugali, na wali mweupe bila chumvi, maji vikombe viwili vidogo kutwa nzima. Alikuwa anasukutua tu anatema, inauma kumtazama mtu ana kiu hivyo.

nesi_wa_figo: Hapo umesema kweli. Ila miguu ikiisha nguvu, moyo ukidunda ovyo au akashindwa kupumua akilala, hapo msingoje barabara, mbebeni hata kwa machela. Na kaka muulize daktari kuhusu dayalisisi ya tumboni, ile ya mifuko, mfuko unatundikwa juu maji ya dawa yanashuka yenyewe tumboni, haitaki umeme, inataka mikono safi sana na mifuko ya akiba nyumbani.

mtoto_wa_kasese: Mungu awabariki. Nimepiga simu sasa hivi, wamekubali aje kesho Alhamisi asubuhi. Karatasi ya vipimo vyake na uzito wake nimeifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, tunalala Mbarara kwa shangazi mpaka mvua itulie.