Deni la kikundi la mwaka 2019: je, naweza kulipa fungu langu pekee?

Mama Chanja, Igombe
Habari za jioni, wanajukwaa. Mwaka 2019 kikundi chetu cha wanawake 10 wakausha dagaa kilipata mkopo wa shilingi 5,000,000 kutoka halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani. Tulichangishana marejesho kila wiki pamoja na riba, kisha biashara ikayumba, mmoja akahamia Geita na wengine hatusemezani tena. Sasa nataka kujiunga na kikundi kingine, lakini nasikia maombi ya siku hizi yanapita kwenye mfumo unaotaka namba ya NIDA. Je, deni la zamani namna hiyo bado linahesabika, na kama linahesabika, naweza kulipa fungu langu nikaachwa?

Mzee wa Kamanga
Mwangaluka, mwanangu. Mimi niliwahi kukopa nyavu kwa mwenye mtumbwi, miaka ikapita nikadhani amesahau, kumbe alikuwa akingoja siku ya posa ya binti yangu ili anikumbushe mbele ya wakwe. Lipa mapema, ungali na hiari.

Bint Igoma
Dada, mkopo ule ulitolewa kwa kikundi, kwa hiyo linalosomeka ni salio la kikundi na si fungu la mtu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ukarejea mwaka 2024, lakini kusitishwa huko hakukufuta marejesho ya waliokwisha kukopa. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, omba taarifa ya salio, andika barua ya kuomba kulipa kwa awamu, kisha ulipe kwa namba ya malipo utakayopewa. Usimkabidhi mtu yeyote fedha mkononi. Ila hujatuambia ulikuwa na nafasi gani katika kikundi.

Mama Chanja, Igombe
Sioni nafasi yangu inahusikaje. Nilikuwa mweka hazina. Hata hivyo naomba mnielewe: kiingilio cha kikundi kipya nimeshakitoa na barua nimeshaiandika, kwa hiyo nahitaji ushauri wa kunisogeza mbele.

Mkopaji wa Chuo
Afadhali wewe unayeuliza. Mimi mkopo wa chuo unakatwa asilimia 15 ya mshahara kabla sijauona, na mke wangu hadi leo anaamini nina nyumba ndogo Buswelu.

Sangara Mkavu
Hadithi hii imetungwa. Mikopo hii haina riba. Sheria ya mwaka 2018 iligawa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na riba haimo. Halafu eti wakausha dagaa walirejesha kila wiki! Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa hulala ufukweni, sasa fedha ya wiki hizo ilitoka wapi? Huyu ni mwanafunzi anayekusanya majibu ya utafiti wake.

Mzee wa Kamanga
Hilo la mbalamwezi hata mimi lilinikwama kooni, nikanyamaza kwa adabu.

Mkopaji wa Chuo
Kama ni mwanafunzi, basi atulipe posho ya kujaza dodoso.

Mama Chanja, Igombe
Mimi si mwanafunzi. Halmashauri haikutudai riba. Ni mwenyekiti na mimi tuliowaambia wenzetu kwamba ipo, shilingi 2,000 kwa kila mmoja kila wiki. Wanawake 8 kwa wiki 22 ni shilingi 352,000, na daftari ninalo. Nusu yangu niliongezea bati la nyumba, na chini ya bati hilo hata wao walijikinga mvua, kwa kuwa mikutano ilifanyikia kwangu.

Sangara Mkavu
Ninaondoa neno langu. Mtunzi asingehesabu wiki.

Bint Igoma
Basi una madeni mawili, na namba ya malipo itafunga moja tu. Hilo la pili linaanza kwa wanawake wanane, kabla hujaketi na kikundi kipya. Yule wa Geita, namba yake ya simu unayo?

Mama Chanja, Igombe
Ninayo. Ndiye aliyeuza mbuzi ili alipe wiki ya mbalamwezi.